Diski Mbili za Nesi Mwanaidi

Vijana wangu wa karakana za stendi, mmekuwa mkiniuliza kwa nini pikipiki ya Nesi Mwanaidi, iliyozaliwa kabla ya wengi wenu, ina diski mbili mbele kama pikipiki za misafara ya wakubwa. Wengine mmesema ni mapambo. Mmoja wenu, ambaye sitamtaja kwa sababu mama yake ni jirani yangu, alisema labda fundi alibakiwa na diski moja akakosa pa kuiweka.

Fundi huyo ni mimi. Kaeni niwaeleze. Siku hizi nina muda.

Kwa wasiomjua, Nesi Mwanaidi alikuwa mkunga katika zahanati moja njia ya kwenda Mlola. Wakati ule gari la wagonjwa lilikuwa kitu cha kusikia redioni. Yeye alikuwa na pikipiki, na nyuma yake alifunga sanduku la bati lenye mikasi, glavu na sabuni. Nusu ya watu wanaonisalimia barabarani walizaliwa mikononi mwake, na nusu nyingine hawakuwa na subira ya kumngoja afike. Alipostaafu alibaki na pikipiki ile, na akaendelea kuipanda, mara sokoni Lushoto, mara Soni kwa dada yake, mara Mombo kwa shughuli ambazo hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Breki yake ya mbele ilikuwa ya dramu. Ninyi mmezikuta diski, kwa hiyo nitaeleza. Ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, kuna viatu viwili vya breki. Ukibana mkono wa breki, waya unavuta, viatu vinatanuka na kusugua ukuta wa chuma. Vikisugua vinapata moto. Vikipata moto sana vinasahau kazi yao, na wewe unabaki umebana mkono huku pikipiki inaendelea na safari zake. Kwenye tambarare mtu anaweza kuzeeka bila kugundua jambo hili. Sisi hapa tambarare hatuna.

Dramu ina adabu zake. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Ukivuka maji, bana breki kidogo huku unakwenda mpaka ikauke. Viatu vikianza kung'aa kama kioo, vifungue uvikwaruze kwa msasa. Haya alinifundisha Mzee Ayubu, aliyekuja huku kufanya kazi kwenye mashamba ya chai akaishia kutengeneza injini za huko. Mzee Ayubu hakuzipenda breki za mafuta, yaani hizi za diski. Alisema waya ukitaka kukatika unauona, lakini mafuta hayaagi. Alikuwa pia na tabia ya kuonja kila kimiminika kwa ncha ya ulimi ili ajue ni petroli, dizeli au mafuta ya breki. Msijaribu. Alifariki akiwa mzee sana, jambo ambalo halithibitishi chochote.

Sasa, Nesi Mwanaidi alikuwa anateremka kuelekea Soni siku ya manyunyu. Mbele yake basi lilisimama kushusha abiria. Akabana breki, na breki ikawa imeshasahau kazi. Upande mmoja palikuwa na korongo, upande mwingine mama mmoja alikuwa amepanga kabichi zake kwa ajili ya wasafiri. Nesi akachagua kabichi. Wanasema alipotua alimwomba msamaha mama wa kabichi, akamuuliza ana ujauzito wa miezi mingapi, kisha ndiyo akasema kwamba anadhani mfupa wake wa bega umevunjika. Ulikuwa umevunjika.

Pikipiki ikaletwa kwangu juu ya pikapu, ikiwa na majani ya kabichi kwenye spoku.

Kabla sijaigusa akaja mwanawe, Rashidi. Mtu mzima, ana mke na watoto, anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Tanga. Alikuja na shati safi na uso wa mtu asiyelala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rashidi. Mama anaendeleaje?"

"Amefungwa bega. Anagombana na manesi." Akaitazama pikipiki. "Mzee, nina ombi. Mwambie mama haitengenezeki."

Nikamwambia sijaifungua bado.

"Ndiyo maana nimewahi," akasema. "Ukiifungua utasema inatengenezeka. Nakujua. Mwambie fremu imepinda, injini imekufa, sema lolote. Mimi akiniona namkataza ananiambia nilizaliwa nikiwa nimetanguliza miguu na nimeendelea hivyohivyo. Wewe atakuamini."

Nilitaka kucheka, lakini hakuwa anacheka.

"Baba alifariki nikiwa darasa la pili," akasema. "Mama akiitwa usiku, nilikuwa nabaki na wadogo zangu. Nilikuwa najilaza nikisikiliza injini hii irudi. Sikuweza kulala mpaka niisikie pale kwenye kona ya msikiti. Mzee, mimi sasa nina mvi, na bado nasikiliza."

Nikamwambia nitaangalia. Hilo ndilo neno la fundi asiyetaka kusema ndiyo wala hapana, na ninyi nyote mnalijua kwa sababu mnalitumia vibaya.

Usiku ule sikulala vizuri mimi. Nilimwona kijana yule ana haki. Nikamfikiria pia mama yake, miaka yote ile kwenye njia za tope, halafu tumwambie akae barazani atazame wenzake wakipita. Asubuhi nikaifungua pikipiki. Fremu ilikuwa imenyooka. Injini iliwaka kwa teke la pili. Ilikuwa na tatizo moja tu, nalo lilikuwa breki.

Bi Mwanaidi akaja mwenyewe, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni. Akaketi kwenye kreti la soda bila kukaribishwa.

"Rashidi ameshapita hapa?"

"Amepita, Mama Rashidi."

"Amekwambia useme haitengenezeki."

Nikajifanya natafuta spana.

"Sikuulizi alichosema. Nakuuliza wewe. Inatengenezeka au haitengenezeki?"

Nimekutana na wateja wakali. Huyu hakuwa mkali. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayedanganya kwamba amemeza vidonge. Nikasema inatengenezeka.

"Vizuri. Sitaki tena hicho kidude cha kupata moto. Nataka diski. Mbili."

Nikamweleza kwamba kwa pikipiki nyepesi kama ile, diski moja inatosha. Na huo ndio ukweli, msije mkasema sikuwaambia.

"Figo moja inatosha pia," akasema. "Lakini Mungu aliweka mbili."

"Mama Rashidi, diski zote mbili zinatumia mkono mmoja na mafuta yaleyale. Mafuta yakivuja, zinakufa pamoja."

Akafikiri. "Basi breki ya nyuma iache ilivyo, na dramu yake."

Hapo nikaona mteja ameelewa mfumo mzima kuliko mafundi kadhaa ninaowafahamu, nikakubali.

Kazi yenyewe iko hivi. Msidhani mnafunga diski kwenye shokapu za zamani kwa kuchomelea kipande cha bati. Nimeona mtu akifanya hivyo. Kipande kiling'oka, na kalipa, ile taya inayobana diski kwa pedi zake, ikazunguka na gurudumu. Unatafuta sehemu nzima ya mbele kutoka pikipiki nyingine: shokapu, gurudumu, ekseli. Mimi niliipata Muheza kwa mwuza vyuma chakavu. Ilikuwa pikipiki kubwa ya barabarani iliyogongwa nyuma, mbele haina hata mkwaruzo. Ilikuwa na diski moja, upande wa kushoto, lakini nilipoinama nikaona shokapu ya kulia nayo ina masikio ya kufungia kalipa. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza miguu ya aina moja, wanaotaka diski moja na wanaotaka mbili wote humohumo. Na habu ilikuwa na matundu ya bolti pande zote. Nilisimama pale nikijizuia kutabasamu, maana mwuza chakavu akikuona unatabasamu mazungumzo yanaharibika.

Shingo ya fremu ya zamani ilikuwa fupi kuliko ekseli ya usukani mpya. Fundi mwenye mashine ya kukereza chuma akanichongea bushi, pete ya kujazia nafasi. Diski ya pili nikaipata. Kabla ya kuifunga niliipima: unafunga kipande cha waya kwenye shokapu, ncha ikaribie diski, kisha unazungusha gurudumu taratibu. Nafasi ikibadilika, diski imepinda, na mkono wa breki utakuwa unadunda kama moyo wa mwizi.

Mahali nilipokwama ni kwenye upepo. Breki ya mafuta haitaki upepo ndani. Mafuta hayabanwi, upepo unabanwa, kwa hiyo kukiwa na kiputo kimoja unabana upepo badala ya diski. Nilipampu, nikafungua kijinati cha kutolea upepo nilichokivisha kipira, nikafunga, nikapampu tena. Upande wa kushoto ukakaa sawa. Kulia, mkono unazama kama unabana andazi. Kwanza nikalaumu masta silinda ya pale kwenye usukani, na kweli ilikuwa na kosa: ilikuwa ya diski moja, pistoni yake ndogo, haiwezi kusukuma mafuta ya kalipa mbili. Nikapata kubwa zaidi Korogwe. Kubwa, lakini si kubwa mno, kwa sababu ikizidi mkono unakuwa mgumu kama unabana ukuta wa nyumba. Nikafunga. Andazi likabaki andazi.

Bi Mwanaidi alikuwa anakuja kila asubuhi kukagua. Siku hiyo alinitazama nikipampu mpaka akachoka yeye.

"Fundi, hicho kipira chako kinatoa mapovu?"

"Hakitoi."

"Upepo umekaa wapi?"

"Ndani ya kalipa."

"Na hicho kijinati unachofungua kiko juu ya kalipa au chini?"

Nikatazama. Kalipa ya kulia nilikuwa nimeipata kwingine, na ilikuwa ya upande wa kushoto. Masikioni ilikaa vizuri, lakini kwa kuwa imegeuzwa, kijinati kilikuwa chini. Nilikuwa natoa mafuta na kuuacha upepo umekaa ghorofani.

"Mimi dripu ikishika upepo naigonga kwa ukucha, unapanda," akasema Bi Mwanaidi. "Haujawahi kushuka hata siku moja, hata kwa mgonjwa mwenye cheo."

Nikaifungua kalipa, nikaigeuza kijinati kikaangalia mbingu, nikaweka kipande cha ubao chenye unene wa diski katikati ya pedi ili pistoni zisichomoke, nikapampu. Yeye akawa anaugonga mpira wa breki kwa ukucha wa mkono mzima, tik, tik, tik. Yakatoka mapovu kama ya sufuria ya chai. Nikafunga kalipa mahali pake. Mkono ukawa mgumu. Bi Mwanaidi akaomba sabuni akanawe.

Jumamosi moja, wiki kadhaa baadaye, Rashidi akatokea bila taarifa. Sijui nani alimpigia simu. Mji wetu ni mdogo. Akasimama mlangoni akaiona pikipiki imesimama na diski zake mbili zinang'aa.

"Mzee, nilikuomba."

"Uliniomba. Nilipoifungua nikaona inatengenezeka."

"Nilikwambia utasema hivyo!" Sauti ikapanda, kisha akaishusha kwa sababu mimi ni mkubwa wake. "Akifa je, mzee? Utakuja kuniambia bolti zilikuwa imara?"

Ningeweza kumpa jibu la kifundi, lakini hakuuliza swali la kifundi.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Bega lilikuwa limeshapona, na alikuwa amevaa koti lake la zamani la kazi na kilemba amekifunga kwa nguvu.

"Ijaribu wewe," akamwambia mwanawe. "Usiamini mimi, usimwamini fundi. Panda."

Rashidi akapanda. Nikamwonya: vidole viwili tu, na taratibu. Mtu aliyezoea dramu hubana kwa kiganja kizima, kama anakamua nguo. Akasema amesikia. Akazunguka uwanja wa karakana kwa mwendo wa mtu anayetembea, akafika kwenye udongo uliolowa karibu na bomba, akabana kwa kiganja kizima. Gurudumu la mbele likasimama palepale. Rashidi hakusimama. Alitua ubavu kwenye tope, na shati safi likapata kazi nyingine.

Bi Mwanaidi akamwendea bila haraka, akainama, akapitisha kidole mbele ya macho yake kushoto na kulia.

"Vipi, unaona?"

"Naona, mama."

"Inashika?"

"Inashika," akasema Rashidi.

"Basi kaa nyuma. Twende Mombo."

Nilitarajia akatae. Lakini nadhani alitaka kuona kwa macho yake kile alichokuwa akikisikiliza tangu utotoni. Akapanda nyuma ya mama yake na tope lake, akashika ubavuni mwa koti. Bi Mwanaidi akasema bismillahi, akaondoka. Mimi nikawafuata na pikipiki yangu, endapo kutatokea tatizo. Yangu ilikuwa na dramu. Mtauliza kwa nini nilifunga diski za watu yangu nikaiacha. Ni swali zuri. Wengi wameniuliza.

Tulipita Soni salama. Chini ya Soni barabara inabana mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, kona juu ya kona. Bi Mwanaidi alikuwa na mwendo. Mimi nilikuwa nabana, naachia, nabana, na nikaanza kunusa harufu ya viatu vya breki. Mzee Ayubu angesimama. Mimi nilikuwa nataka kuona kazi yangu.

Kwenye kona moja lori aina ya fuso lililobeba mbao lilikuwa limeharibika katikati ya barabara. Dereva alikuwa ameweka matawi ya kuonya, ila aliyaweka pale kivuli kilipo, si pale yanapoonekana. Nikaona taa ya nyuma ya Nesi ikiwaka. Vidole viwili. Shokapu zikainama mbele kidogo, na pikipiki yenye watu wawili ikasimama bila kuyumba, tena kwa nafasi ya kutosha mtu kutandika mkeka. Ilikuwa kazi nzuri mno. Niliitazama kidogo zaidi ya ilivyopaswa, kisha nikabana yangu, na mkono ukaja mpaka kwenye usukani.

Mbele palikuwa na fuso, na Nesi, na mwanawe. Kushoto palikuwa na ukuta wa udongo. Nikachagua udongo.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Rashidi. Akaninyanyulia pikipiki mguuni. "Mzee, unanisikia?" Nikasema namsikia. Bi Mwanaidi akapiga magoti, akakibonyeza kifundo cha mguu.

"Hapa?"

"Hapo kidogo."

"Na hapa?"

Nikajibu kwa Kishambaa neno ambalo halifai kurudiwa mbele yenu.

"Umevunjika," akasema. Akachukua vipande viwili vya mbao kwa dereva wa fuso, akavua kilemba akabaki na kitambaa cha ndani, akanifunga mguu ukakaa kama mzigo wa posta. Fuso halikuwa linakwenda popote, na nyuma yake hakuna gari lililoweza kupita. Kilichoweza kupita pembeni ni pikipiki tu.

Rashidi alisimama akaitazama barabara inavyoteremka. Akaitazama pikipiki ya mama yake.

"Mama, mpakie mzee," akasema. "Mimi nitaisukuma hii yake mpaka chini."

"Una hakika?"

"Mwahishe, mama."

Bi Mwanaidi akamfuta mwanawe tope shavuni kwa kidole gumba, mtu mzima yule mwenye mvi, mbele ya dereva wa fuso na utingo wake. Hakukwepa.

Niseme hapa yaliyofuata nisije nikasahau. Mguu ulipona ukiwa umeenda upande kidogo, ndiyo maana nimestaafu na ninyi mna karakana. Rashidi akija likizo ndiye anayebadilisha mafuta ya breki, kwa sababu mafuta hayo hunywa unyevu na yanapaswa kubadilishwa hata kama yanaonekana mazuri. Ananipigia simu kuuliza, nami namwambia. Mama yake bado anashuka Mombo. Rashidi bado anasikiliza. Ameniambia kwamba sasa walau anajua anachosikiliza.

Lakini siku ile walinikalisha nyuma, mguu umenyooshwa kama mlingoti, na Nesi Mwanaidi akateremka. Nimefunga breki za watu wengi. Sikuwahi kukaa nyuma ya mtu nikiwa sina usukani, sina mkono wa kubana, sina chochote ila ile kazi niliyoifanya mwenyewe. Kila kona niliifunga upya kichwani. Bolti ya kalipa ya kulia, nilikaza? Nilikaza. Washa ya shaba ya kuzuia mafuta yasivuje kwenye mpira, niliweka mpya? Niliweka. Nilikaza kweli ile bolti? Vijana, ninyi huwa mnafunga huku mnaongea na simu. Siku moja mtapakiwa.

"Fundi," akasema Bi Mwanaidi bila kugeuka, "acha kunibana mbavu. Unanitia upepo."

Mombo tulifika hospitalini jua likiwa bado kali. Tabibu alikuwa binti mdogo, mpole, akamwamkia Nesi shikamoo, akaniamkia na mimi, akafungua mguu, akatikisa kichwa akisifia mafundo ya kilemba.

"Nini kilitokea, babu?"

"Pikipiki ilikataa kusimama," nikasema.

"Pole sana. Na unafanya kazi gani?"

Nikatazama dari. Bi Mwanaidi akanijibia.

"Fundi wa breki."

Binti yule akanitazama mimi, akautazama mguu, akamtazama Nesi aone kama ni utani. Nesi alikuwa ananawa mikono.

"Haya, babu," akasema taratibu. "Lala tu."